Baba wa Kamba

Wenceslao alirudi San Miguel siku ile ile tuliyokuwa tunautoa mti msituni.

Wanaume wa kijiji kizima walikuwa wanauburuta kwa kamba. Ni mti wa warukaji, wale wanaojiachia kutoka juu wamefungwa kamba siku ya Mtakatifu Mikaeli, umeshachongwa ukawa mweupe, mrefu kuupita mnara wa kanisa, unateleza juu ya magogo. Sisi wanawake tulitembea pembeni na ndoo za uji na vikapu vya tamale za mahindi zilizofungwa majani. Kwetu mwanamke hagusi mti ule. Hata ukiwa umelala chini hauvuki, anauzunguka. Tulipofika kona ya kisima nikamwona mtu mwenye mabuti mapya ya kaskazini anapenya kati ya wenzake, anashika kamba ya mbele kabisa, na watu wanampigia makofi.

"Wence! Wence karudi!"

Baba yake, Don Herminio, ndiye kiongozi wa warukaji, na alikuwa ametangulia na filimbi yake. Akaitoa filimbi mdomoni akamkumbatia mwanawe hapo hapo mbele ya mti.

Nilikuwa nimebeba ndoo ya uji unaochemka. Namshukuru Malaika Mkuu Mikaeli aliyeizuia mikono yangu, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa naizuia.

Mkono ule uliokuwa unavuta kamba ya Mtakatifu ndio uliovunja taya la Delfina.

Delfina ni mtoto wa kaka yangu. Nimemlea tangu maporomoko ya mvua yalipowafukia wazazi wake. Aliolewa na Wenceslao kanisani, na shela nilimshonea mimi. Mwaka wa pili wa ndoa, wiki ya Pasaka, mumewe alimpiga kwa ubapa wa panga kwa sababu chapati za mahindi zilikuwa zimepoa. Alimvunja taya na mkono wa kushoto. Msichana akakimbilia nyumba ya mkwewe, iliyoko ng'ambo ya njia tu. Don Herminio alifungua mlango, akaitazama ile damu, akasema, "Hayo ni ya mtu na mkewe," akafunga. Majirani walilisikia komeo likiingia. Hakuna hata mmoja aliyelitoa komeo la kwake.

Mkuu wa kijiji alisema ni mambo ya ndani ya nyumba. Don Herminio akampandisha mwanawe basi la Monterrey, kaskazini, akae huko mpaka watu wasahau. Na watu, Mungu anawaona, walisahau kabla mfupa haujaunga.

Taya walilifunga kwa waya hospitalini. Waya zilipotolewa, Delfina hakusema. Alilala chumba changu cha nyuma, uso ukutani. Kifuniko cha sufuria kikianguka jikoni, yeye yuko chini ya kitanda. Mimi nilisali. Nilisali rozari mpaka uzi ukakatika, nikaufunga fundo nikaendelea. Sikuletewa amani. Nililetewa hasira, nikasema basi, hiki ndicho nilichopewa, nitakitunza.

Kazi yangu tangu mume wangu Fulgencio afariki ni kushona kofia za warukaji, zile zenye ncha, na vioo vidogo, na riboni ndefu zinazopepea mgongoni. Siku moja alikuja mteja kutoka upande wa pili wa mlima, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki, jina lake Otilia. Huko kwao wanawake wanaruka. Alikuwa na kundi la wanawake peke yao, wanazunguka na lori kuruka kwenye sikukuu za watu. Alimkuta Delfina ameketi kwenye kigoda ananishikia riboni.

"Huyu vipi, bubu?" akaniuliza.

"Si bubu."

"Basi ana nini?" Akamwinamia. "We mtoto, unaogopa nini?"

Nilitaka kumfukuza. Lakini Delfina akafungua mdomo, na sauti ikatoka kama ya mtu aliyemeza mchanga. "Milango," akasema.

Otilia akacheka, wala si cheko la kejeli. "Kule juu hakuna mlango," akasema. "Twende."

Akaenda. Nilimfungia chakula, nikamvisha skapulari ya baraka shingoni, nikakaa dirishani nikiitazama barabara hata baada ya vumbi kutulia. Watu wakaanza. Cha kwanza walisema amekwenda kuwa malaya. Cha pili walisema shangazi yake ndiye aliyemuuza. Nilikwenda misa kila siku nikakaa benchi la mbele ili waione vizuri shingo yangu.

Aliporudi, mwaka na ushee baadaye, sikumjua. Viganja vyake vilikuwa kama gome la mti. Taya limeunga upande, kwa hiyo anapocheka kinywa kinakwenda kushoto, na alikuwa anacheka sana. Alikula sahani tatu za maharage huku akinihadithia. Lori lilizama mtoni wakalala sokoni kati ya mananasi. Kule pwani ya Veracruz mbuzi wa padri alizila riboni za kofia nne, wakaruka vichwa wazi.

"Na mara ya kwanza, shangazi," akasema, "ile ya kwanza kabisa kujiachia, nilijikojolea."

"Delfina!"

"Haki ya Mungu! Na chini kulikuwa na bwana mmoja amevaa kofia kubwa, akanyoosha kiganja, akasema mvua imeanza."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Halafu nikatoka uani nikalia nyuma ya jiwe la kusagia, kwa sababu nilikuwa nimeshasahau kwamba mtoto huyu anajua kuchekesha watu.

Alipomaliza kula akasema alichojia. "Nimeruka mbele ya watu nisiowajua. Sasa nataka niruke hapa, siku ya Mtakatifu Mikaeli, mbele ya kanisa. Nataka wanione wale wale walionisikia."

Mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa mwangalizi wa sikukuu. Ilikuwa nadhiri ya Fulgencio, na alipokufa niliibeba. Nilimlisha kila aliyekuja kufanya kazi ya Mtakatifu, nilimbadilishia Mtakatifu maua kwenye sanamu yake, nilimpangusa vumbi yeye na shetani aliye chini ya mguu wake, na ninakiri shetani nilimpangusa kwa nguvu zaidi. Lakini mti hauko chini ya mwangalizi. Mti ni wa warukaji, na warukaji ni Don Herminio. Wanaruka wanne, na yeye wa tano anakaa juu kabisa na filimbi na kingoma. Katika wale wanne, Eleuterio goti lilikuwa limemharibikia. Nafasi moja ilikuwa wazi.

Tukaenda kumwomba, mimi na Delfina, jioni ya siku ile ile mti ulipofika. Wanaume walikuwa wamekaa ukutani mwa kanisa wanapumzika. Wenceslao alikuwa katikati yao amenyoosha mabuti yake.

"Don Herminio," Delfina akasema, "nimekuja kuomba nafasi ya mzee Eleuterio."

Wanaume wakatazamana. Mmoja akasema, "Nafasi ya kupika?" Wakacheka.

"Ya kuruka."

Don Herminio hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Bi Nicolasa, wewe ni mtu wa sala. Mfundishe mtoto wako. Mti huu unataka watu safi. Mwanamke akiupanda, unamla mtu."

"Huko nilikoruka haujamla mtu," Delfina akasema.

"Huko si hapa. Na nafasi imeshapata mwenyewe. Ataruka Wence."

Nikasikia masikio yangu yanapiga kama kengele. "Wence ni safi?" nikauliza.

"Amefunga. Hali nyama, halali na mwanamke."

"Atalala na nani na mkewe amemkimbia!" akadakia Eleuterio mwenye goti, naye alikuwa ameshaonja pombe. Wanaume wakacheka tena, safari hii na Wenceslao akiwemo, kama vile ni utani wa harusi.

Na yeye ndiye aliyesema, bila kusimama, akichezea kisigino cha buti. "Mimi sina neno. Arudi nyumbani, mambo yaishe. Nimekuja kumchukua."

Don Herminio akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa hekima. "Sawa kabisa. Delfina, rudi kwa mumeo. Kaa nyumbani kwako kama mke wa mtu, na mwaka ujao nitakupandisha mimi mwenyewe. Umeona? Siyo kwamba sitaki."

Mkono wa Delfina ulikwenda kwenye taya, akakaa nao hapo. Nilimwona akiirudia ile rangi ya ukuta wa chumba cha nyuma, na nikajua kwamba akikosa kupanda safari hii, kile kicheko hakitarudi tena mlimani kwetu. Atakwenda zake au atarudi chini ya kitanda. Kwa hiyo haikuwa habari ya ngoma.

Padri naye aliniita. Ni kijana mwema, ana kikohozi. Akasema, "Bi Nicolasa, sikukuu inakaribia. Msamaha."

"Padri," nikamwambia, "aliyonitenda mimi nimemsamehe yote. Aliyomtenda Delfina si yangu, siwezi kuyagawa."

Akakohoa, akaniacha.

Sasa, kwetu kumwomba mtu awe baba wa ubatizo kuna namna yake. Huendi mikono mitupu na maneno mdomoni. Unachukua kikapu. Mkate mtamu, chokoleti, bata mzinga aliye hai, na chupa ya pombe kali ya miwa. Unaingia, unaketi, hutamki haja yako. Mwenye nyumba akikubali, anakunywa vikombe vitatu, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Akishakunywa cha tatu ndipo unaposema. Kusema kabla ni ushamba, ni kama kumwambia mtu humwamini. Na hakuna anayeuliza, kwa kuwa kila mtu anajua nani kajifungua na nani ana harusi. Akishakunywa hakuna kurudi. Mmekuwa wazazi wenza. Hamgombani tena mpaka kaburini, hamwitani majina, na mtoto aliyeombewa ni mtoto wake mbele ya Mungu.

Siyo mtoto wa kubatizwa tu. Kwetu kila kitu cha kuanza kina baba yake. Msalaba wa paa una baba, keki ya harusi ina baba, joho jipya la Mtakatifu lina baba. Na mrukaji mpya ana baba wa kamba, anayemfunga kamba kiunoni siku ya kwanza mbele ya watu.

Mwaka ule Mtakatifu Mikaeli alikuwa na joho jipya. Nililishona mwenyewe, jekundu, na pindo la dhahabu. Kijiji kizima kilikuwa kinasubiri mwangalizi amchague baba wa joho, na Don Herminio alikuwa ameanza kunisalimia kwa kuvua kofia tangu Julai.

Jumapili baada ya misa nikachukua kikapu.

Mkewe, Bi Cleofas, ndiye aliyefungua. Cleofas ni mwanamke ambaye sijui macho yake yana rangi gani, maana siku zote anatazama sakafu. Alipoona bata mzinga akasogea kando haraka. Ndani walikuwa wamejaa, ndugu za Don Herminio, wake zao, na Wenceslao kwenye benchi akila.

"Eee, bibi mwangalizi!" Don Herminio akainuka. "Karibu, karibu. Cleofas, kiti! Kiti chenye mgongo!"

Nikaketi. Nikaweka kikapu miguuni pake. Nikamimina. Sikusema joho. Naapa kwa msalaba sikulitaja neno joho, wala sikuitikia mtu aliyelitaja. Nilinyamaza tu kama mila inavyotaka, na yeye akakijaza kile kimya kwa majivuno yake.

"Kwa Baba," akasema, akanywa. Nduguze wakapiga makofi madogo. "Na kwa Mwana." Akapangusa masharubu. Cha tatu akakiinua juu wote wakione. "Na kwa Roho Mtakatifu." Akakimaliza, akakipindua kikombe mezani kuonyesha hakuna tone.

"Mzazi mwenzangu," nikasema.

"Mzazi mwenzangu!" akajibu, uso umewaka. "Haya niambie, joho lenyewe lina pindo la rangi gani? Maana nataka siku ile na mimi nivae ya kufanana."

"Hapa hakuna pindo, mzazi mwenzangu," nikasema. "Ni kamba."

"Kamba ya nini?"

Nikageuka mlangoni. "Delfina, ingia umsalimie baba yako."

Alikuwa amesimama njiani. Mlango ulikuwa wazi, lakini niliona ule wasiwasi wake, kwani ndio mlango ule ule aliofungiwa siku ile ya damu. Akavuta pumzi kama mtu anayejiachia kutoka juu, akaingia, akapiga goti.

"Shikamoo baba wa kamba."

Nyumba ikalipuka. Ndugu mmoja akaanguka na kigoda. Bata mzinga akafungua mbawa kikapuni. Wenceslao akatema chapati. "Baba! Mwambie hapana! Mwambie!"

"Umenidanganya!" Don Herminio akaninyooshea kidole. "We mwanamke, umenidanganya ndani ya nyumba yangu!"

"Mzazi mwenzangu, usiniinulie sauti," nikasema. "Kikombe hakijakauka."

"Nilidhani joho!"

"Sikukusikia ukiuliza."

"Mila haitaki kuuliza!"

"Ndiyo," nikasema. "Haitaki."

Akamgeukia kaka yake mkubwa, mzee Tiburcio, aliyewahi kuwa mwangalizi kabla yetu sote. "Hii haishiki, au vipi? Hii ni hila."

Tiburcio akajikuna kidevu, anatamani asingekuja. "Umekunywa vitatu, Herminio. Tumekupigia makofi."

"Basi atapanda!" Don Herminio akapiga meza. "Atapanda apandishwe na jeuri yake! Atapanda kwenye nafasi ya Wence, haya, mmefurahi? Lakini akishuka anakwenda nyumbani kwa mumewe, na huko nitamfikisha kwa mkono wangu!"

Hapo ndipo Cleofas aliposema. Alikuwa amesimama karibu na jiko na sinia la vikombe. Hakuinua sauti.

"Mume gani?"

"Cleofas, nyamaza."

"Nauliza tu. Ukiwa wewe ni baba yake kwa kikombe, huyu ni binti yako. Wence ni mwanao." Akaweka sinia chini, taratibu, hata kikombe kimoja hakikulia. "Kaka na dada wanalala kitanda kimoja siku hizi?"

Lilikuwa kichwani mwangu jambo hilo tangu nilipomnunua yule bata mzinga. Nililiwaza, sikuthubutu kulisema, kwa kuwa mimi ni mtu wa nje ya nyumba ile na wangesema nimelipanga. Sasa lilikuwa limesemwa na mama wa mtu mwenyewe, na wake wa nduguze wote walilisikia, na mmoja wao tayari alikuwa amefunika mdomo kwa shali, mabega yanamtikisika.

"Ndoa ilikuja kwanza!" Wenceslao akapiga kelele. "Ni mke wangu! Padri alitufunga!"

"Basi kamuulize padri," Cleofas akasema, "halafu uje ujaribu kuishi naye kijiji hiki, watu wanakuita mlala na dada yake. Utapanga foleni ya kisima na nani?"

Wenceslao akainuka. Alikuja moja kwa moja kwa Delfina, na ule mkono ukapanda, ule ule, ninaujua hadi kovu la kidole gumba. Delfina alikuwa bado amepiga goti. Hakujikunja. Alimtazama kutoka chini kwenda juu, kama anayekadiria urefu.

"Keti," Don Herminio akasema.

"Baba—"

"Keti, nimesema! Huyo ni mtoto wa kikombe. Humpigi mbele ya kikombe."

Wenceslao akaketi. Kama mbwa aliyechapwa, mkono ukarudi kwenye paja.

Neno moja. Silabi mbili. Huyu mzee alikuwa nalo mdomoni muda wote. Alikuwa nalo wiki ile ya Pasaka, alikuwa nalo amesimama kwenye kizingiti hiki hiki, na lingetosha, na halikumtoka kwa ajili ya mfupa wa mtoto. Lilimtoka kwa kuogopa kikombe. Watu wakaniambia baadaye, "Umeona, Herminio ana utu." Niliwaambia waniondokee mbele ya macho. Niliondoka nyumba ile nimeshinda, na nilikuwa na hasira kuliko nilivyoingia.

Siku ya Mtakatifu ilipambazuka na ukungu, halafu ukanyanyuka kama pazia. Uwanja wa kanisa ulijaa mpaka kwenye ngazi za shule. Vijiji vya ng'ambo vilishuka. Otilia alikuja na lori lake na wanawake wake wote, wakasimama mstari wa mbele wanatafuna karanga. Malaika Mkuu alitolewa amevaa joho lake jekundu, na baba wa joho alikuwa mzee Eleuterio na goti lake, maana huyo aliuliza kabla ya kunywa.

Delfina alitoka kanisani na wale watatu, suruali nyekundu, vioo vinametameta kichwani. Kofia ile niliishona kwa uzi maradufu. Watu wakanyoosha shingo. Halafu muuza tamale mmoja, Bi Eduviges, akapaza sauti: "Haya, mti! Mle basi! Tumekaa tunasubiri!" Wanawake wakaangua kicheko, na mimi nikajua kwamba uwanja ule haukuwa wote wa Don Herminio.

Don Herminio akaja na kamba. Akaizungusha kiunoni mwa Delfina, akapiga fundo. Mimi sikufumba macho kusali. Niliitazama ile mikono. Nilikuwa namwamini Mungu, mfunga fundo sikuwa namwamini. Alipomaliza akarudi nyuma hatua moja kama desturi. Delfina akainamisha kichwa kwa adabu. Halafu, mbele ya kijiji chote, akalifungua lile fundo.

Mnong'ono ukapita uwanjani kama upepo kwenye mahindi. Akalifunga upya mwenyewe, polepole, akalivuta mara mbili, akamtazama baba wa kamba usoni.

"Samahani, baba," akasema. "Ni mazoea."

"Weee!" Otilia akapiga mluzi.

Uso wa Don Herminio ulikuwa kama tofali. Lakini hakuwa na la kufanya ila kupanda, kwa kuwa filimbi ni yake. Wakapanda, mmoja mmoja, yeye wa mwisho, na umri ule. Akafika juu, akasimama kwenye kile kigoda kidogo ambacho hakimtoshi hata kuku, akawapigia filimbi pande nne za dunia. Miguuni pake, kwenye fremu ya mbao inayozunguka kilele cha mti, walikaa wanne, na mmoja wao ni Delfina. Nilifikiria, mzee, leo uzito wa huyu mtoto ndio unaokuzuia usipinduke. Akae vibaya kidogo tu, nyote mnayumba. Ndivyo mti ule ulivyo, na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana kwamba alikuwa analijua hilo.

Kingoma kikabadilika. Wakajiachia.

Siwezi kueleza vizuri. Walianguka kwa migongo, wote wanne, kama maua yanayotupwa, moyo wangu ukaenda nao, halafu kamba zikawashika na fremu ikaanza kuzunguka. Vichwa chini, mikono wazi. Kila mzunguko kamba inarefuka, duara linapanuka, linapita juu ya paa la shule, juu ya mibuni, juu ya nyumba ya Wenceslao, juu ya nyumba ya Don Herminio. Riboni zikawa mkia. Na katikati ya filimbi nikasikia kitu kingine. Sikukielewa mara moja. Watu nao wakainua vichwa wakakitafuta.

Alikuwa anacheka. Kichwa chini, mikono wazi, anapita juu yetu anacheka, kicheko kinakuja, kinakwenda nyuma ya mnara, kinakuja tena. Mtoto mmoja akaanza kucheka naye, halafu wanawake wa Otilia, halafu sijui nani. Bi Eduviges akatupa kofia ya mumewe hewani. Cleofas alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, uso juu kabisa. Macho yake ni ya kahawia.

Wenceslao nilimwona kwenye kibanda cha pombe. Amepewa mgongo, na waliompa mgongo ni wale wale waliompigia makofi kwenye kona ya kisima. Sikuwaonea fahari. Watu wanaogeuka upesi hivyo watageuka tena. Lakini siku ile waligeukia upande wa haki, na basi la Monterrey lilikuwa linaondoka saa nane. Alilipanda.

Delfina alifika chini akikimbia, kama wanavyofika, miguu inatafuta ardhi. Akajifungua kamba, akaikusanya mkononi. Don Herminio akateremka kwa kamba ya mwisho, anahema, jasho limemlowesha kofia. Akasimama. Sasa mrukaji mpya akishafika chini humbusu baba yake wa kamba mkono. Hilo halina mjadala, watoto wa chekechea wanalijua. Akaunyoosha. Nadhani yule mzee aliamini kwamba busu lile litayamaliza yote, ya kamba na ya mlango.

Padri akaacha kukohoa.

Delfina akautazama ule mkono. Halafu akaweka juu yake kamba, yote, nzito, imelowa jasho.

"Ikunje vizuri, baba," akasema. "Jumapili naihitaji."

Akamwacha hapo. Akaja kwangu, uso mwekundu, kinywa kimekwenda kushoto, ananishika mabega kwa vile viganja vya gome.

"Shangazi, sikujikojolea!"

"Nimeona," nikasema.

"Tamale zimebaki?"

Nyuma yake Don Herminio alikuwa bado amesimama na kamba mikononi, watu wanamtazama. Alimtafuta mwanawe, hakumwona. Akamtafuta Cleofas, na Cleofas hakushusha macho. Basi akaanza kuikunja, kiganja kwa kiwiko, kiganja kwa kiwiko, na mimi nikasimama nikamwangalia mpaka alipofika ncha.